Mgeni Njoo, Mwongozo Upone

Wacha niseme kitu ambacho wengine hawatapenda. Msee wa Manyatta ambaye amerekebisha sentensi moja mbaya kwenye mwongozo wa Git amefanya kazi kubwa kuliko msee ambaye ametengeneza kikokotoo chake cha tano. Ndiyo, sentensi moja. Soma kwanza hadi mwisho, halafu unirukie kwenye maoni.

Kila wiki napata ujumbe kutoka kwa vijana wa huku kwetu. Wengine wako Chuo Kikuu cha Embu, wengine wamemaliza kidato cha nne na wanangoja, wengine wako tu nyumbani Kibugu au Kairuri na laptopu ya kuazima. Swali ni lile lile: "Bro, nifanye mradi gani ndio nipate kazi?" Nikiangalia walichofanya tayari, karibu wote wana vitu vitatu: kikokotoo, orodha ya mambo ya kufanya, na programu ya hali ya hewa. Vyote vimenakiliwa kutoka video ile ile. Si vibaya, ndivyo watu hujifunza. Lakini anayeajiri ameona vikokotoo elfu. Hajui kama unaweza kusoma kazi ya mtu mwingine, uone iliko shida, uieleze, uirekebishe bila kuharibu kitu kingine. Na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kila siku.

Jibu langu siku hizi ni hili: rekebisha kile kilichokukwamisha. Na kama wewe ni kama wengi wetu, kilichokukwamisha zaidi ni Git.

Kwa wale ambao hawajawahi kukutana nayo, ngoja nieleze kinyumbani. Kama wazazi wako wanapeleka kahawa kiwandani, Git unaijua tayari, ila hujaambiwa. Unapeleka kahawa mbivu, karani anapima, anaandika tarehe, namba ya mkulima na kilo, unapewa risiti. Ukipeleka tena kesho, hafuti mstari wa jana. Anaongeza mstari mpya chini. Mwisho wa msimu malipo yakiwa hayaeleweki, unarudi kwenye zile risiti moja moja hadi uone kilo zilipotelea wapi. Git hufanya hivyo kwa mafaili. Kila ukihifadhi hatua, inaandika nani kabadilisha nini, lini, na kwa nini. Watu mia wanaweza kufanya kazi kwenye programu moja na hakuna anayepoteza kilo zake.

Git si GitHub. GitHub ni kampuni na tovuti ya kuweka kazi yako. Git ni kifaa chenyewe, cha bure, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Linus Torvalds, yule aliyeanzisha Linux, aliiandika Aprili 2005. Watu wa Linux walikuwa wakitumia kifaa cha kampuni kinachoitwa BitKeeper, na ruhusa ya kukitumia bure ikaondolewa. Badala ya kulia, akaketi akaandika chake, na ndani ya siku chache kilikuwa kinafanya kazi. Julai mwaka huo huo akamkabidhi Junio Hamano, na Hamano ndiye ameitunza miaka yote hii. Leo benki, serikali, programu za simu yako, karibu zote zimeandikwa na watu wanaotumia Git.

Sasa, kifaa kilichoandikwa haraka na fundi kwa ajili ya mafundi wenzake kina shida moja ambayo fundi haioni. Kinaongea lugha ya fundi.

Chukua amri inayoitwa `git checkout`. Kwa miaka mingi ilikuwa na kazi mbili ambazo hazifanani. Kazi ya kwanza ni kuhama kutoka tawi moja la kazi kwenda lingine. Kazi ya pili ni kurudisha faili lilivyokuwa, yaani kufuta mabadiliko yako. Amri moja! Ni kama ufunguo mmoja unaofungua mlango wa nyumba na pia unafungulia maji ya tangi yamwagike. Mafundi walizoea. Wageni waliendelea kumwaga maji. Ilichukua hadi Agosti 2019, toleo 2.23, ndipo zikaletwa amri mbili mpya, `git switch` ya kuhama na `git restore` ya kurudisha. Miaka 14! Na si kwamba shida ilikuwa imefichwa. Kila mwanafunzi alikuwa akigonga ukuta huo huo, anatafuta jibu kwenye mtandao, anapata, anasahau, anaendelea na maisha.

Mfano mwingine nausimulia kila mara kwa sababu ni mdogo na unachekesha. Ukikosea kuandika amri, tuseme umeandika `git psuh` badala ya `push`, Git inaweza kujirekebisha na kuendelea. Kipengele hicho kiliingia mwaka 2008. Unakiwasha kwa kuweka namba. Sasa mtu yeyote anayejua kompyuta kidogo ataweka 1, akidhani 1 ni "washa". Kumbe namba ile ni muda wa kusubiri, na haihesabiwi kwa sekunde. Inahesabiwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kwa hivyo ukiweka 1, Git inakuambia umekosea, inakupa nafasi ya kuisimamisha, na nafasi yenyewe ni sekunde 0.1. Hata kope hujafunga. Mapema 2025, Scott Chacon, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, aliandika kuhusu kichekesho hiki na akapendekeza rekebisho. Toleo 2.49 lililotoka Machi 2025 likabadilisha maana ya 1: sasa ni "endelea mara moja", kama watu walivyodhani tangu mwanzo.

Kutoka 2008 hadi 2025. Kosa dogo ambalo msee yeyote angeweza kuliripoti. Wangapi waliliona wakacheka tu?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi naichukua hivyo hivyo bila kuipinda. Mwenyeji amekaa na ile shida hadi haioni tena. Amezoea mlango unaokwama, anajua kuusukuma kwa bega. Mgeni ndiye anasimama pale mlangoni na kuuliza, "Huu mlango una nini?" Swali hilo ndilo dawa. Na msee anayejifunza Git wiki hii ni mgeni. Anaona vitu ambavyo mtu aliyeitumia miaka kumi hawezi kuviona hata akijaribu.

Lakini ugeni huisha. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma. Una kama miezi mitatu, minne hivi, ya kuchanganyikiwa vizuri. Baada ya hapo wewe pia unasukuma mlango kwa bega na unamwambia anayekufuata, "Utazoea tu." Kuchanganyikiwa kwako ni mali, na mali hiyo inaoza kama parachichi.

Hii si nadharia yangu tu. Julia Evans, anayejulikana kwa vijitabu vyake vya katuni vinavyoeleza mambo ya kompyuta, mwaka 2025 alianza kutuma mabadiliko kwenye kurasa za mwongozo wa Git wenyewe. Hakuanza kwa kujifungia ndani na kuandika anachodhani ni kizuri. Aliwaomba watumiaji wa kawaida wasome kurasa zilizopo na waseme ni wapi hawaelewi. Majibu yao ndiyo yakawa orodha yake ya kazi. Angalia hapo: yeye ni mtu mwenye uzoefu mkubwa, na bado alihitaji watu waliokwama. Bila waliokwama hakuna wa kumwonyesha.

Mwezi jana dada mmoja wa huku juu alinipigia akiwa karibu kulia. Anajifunza mwenyewe, usiku, bando likiwa la bei nafuu. Alitaka kuona kazi yake ilivyokuwa wiki iliyopita, akaandika amri, na Git ikamjibu kwamba yuko katika hali ya "detached HEAD". Kichwa kilichotenganishwa. Ebu fikiria saa tano usiku kompyuta inakuambia mambo ya kichwa kutenganishwa. Chini ya hapo kuna maelezo marefu kwamba unaweza kuangaliaangalia, kufanya majaribio, na "discard" chochote utakachohifadhi. Yeye aliona tu hilo neno discard. Kutupa. Akajua kazi ya wiki mbili imetupwa. Akaniuliza, "Kaka, nimeharibu kila kitu?"

Hakuwa ameharibu chochote. Alikuwa tu amerudi kwenye risiti ya zamani badala ya kusimama kwenye mstari wa mwisho wa daftari. `git switch -` na amerudi alipokuwa. Hata angekuwa amehifadhi kitu hapo na kukiacha, Git hukiwekea kumbukumbu, na kwa kawaida unakuwa na siku 30 hivi za kukifuata kabla hakijasafishwa. Lakini ule ujumbe haukumwambia kitu cha kwanza ambacho mtu mwenye hofu anataka kusikia: kazi yako iko salama.

Nikamwambia aandike sentensi mbili. Ya kwanza, alidhani nini kimetokea. Ya pili, ni maneno gani yangemtuliza. Akaziandika, kwa Kiingereza, na ni nzuri. Bado hajazituma. Anasema Kiingereza chake si cha kutumia watu kama hao.

Hapo ndipo nataka tuongee kama familia. Sisi tunaongea Kiembu nyumbani, Kiswahili sokoni na kwenye matatu, Kiingereza shuleni. Kiingereza ni lugha ya tatu kwa wengi wetu, na tumefundishwa kuona aibu juu yake. Kwa kazi hii, lugha ya tatu ni faida. Mtu aliyezaliwa na Kiingereza anasoma sentensi mbovu na akili yake inajaza mapengo bila yeye kujua. Wewe huwezi kujaza. Sentensi ikiwa na maana mbili, unakwama kwenye zote mbili. Neno likiwa msemo wa mtaani kwao, unalisoma kama lilivyoandikwa na unapotea. Kila mahali unapokwama ni mahali ambapo Mvietinamu, Mbrazili na Mkongo pia wamekwama. Unawasemea watu wengi sana duniani. Usikae kimya eti kwa sababu ya sarufi. Sarufi itasahihishwa na wale watakaoipitia kazi yako. Kukwama kwako hawawezi kukubuni.

Sasa upande mwingine, kwa sababu sitaki mtu asome hapa halafu aende aaibishe kijiji.

Kuna njia mbaya ya kufanya hii kitu, na imeshafanywa. Oktoba 2020, tamasha la mtandaoni linaloitwa Hacktoberfest lilikuwa likitoa tisheti kwa mtu aliyetuma mapendekezo manne ya mabadiliko kwenye programu huria. Watu wakatuma takataka. Wengine waliongeza tu maneno ya kusifu kwenye ukurasa wa utangulizi wa programu za watu. Waliojitolea kutunza programu hizo wakatumia siku nzima kufuta. Ikabidi waandaaji wabadilishe kanuni mwezi huo huo: programu ambayo mwenyewe hajajiunga haihesabiwi. Mapema 2024 ikatokea tena kwa Express, kifaa maarufu cha kutengeneza tovuti. Video moja ya mafunzo ilionyesha jinsi ya kutuma badiliko kwa kutumia Express kama mfano, na wanafunzi wengi wakafuata hatua kwa hatua, wakatuma maombi ya kuongeza majina yao kwenye ukurasa wa utangulizi. Majina yao! Kama kuandika jina kwenye kiti cha matatu.

Halafu sasa kuna akili unde. Daniel Stenberg, anayetunza curl, kifaa kingine ambacho kiko kila mahali, amelalamika hadharani mara nyingi kuhusu ripoti za makosa zilizoandikwa na akili unde, ndefu, za kujiamini, na za uongo. Kosa linalotajwa halipo. Lakini mtu lazima asome yote ndipo ajue halipo. Muda huo hakuna anayemrudishia.

Unajua nani anaumia? Si yule aliyetuma takataka, yeye ameshaendelea na maisha. Anayeumia ni msee mgeni wa kweli anayekuja baadaye, akiwa na kosa la kweli, na anakuta mlango umefungwa kwa sababu wenyeji wamechoka na wageni. Wageni wabaya wanawaharibia wageni wazuri. Kwa hivyo nikisema rekebisha sentensi, simaanishi badilisha nukta iwe mkato ndio upate alama ya kijani kwenye ukurasa wako. Namaanisha kitu kilikukwamisha, umekielewa, na sasa unamwondolea mwingine jiwe njiani.

Inafanywa vipi? Git yenyewe inakufundisha. Tangu 2020 kuna amri inaitwa `git bugreport`. Ukiiandika, inakuundia faili lenye maswali, na maswali yenyewe ni ya daktari mzuri. Ulifanya nini kabla ya tatizo kutokea? Ulitarajia nini? Kilitokea nini badala yake? Kuna tofauti gani kati ya ulichotarajia na kilichotokea? Halafu inajaza yenyewe toleo lako la Git na mfumo wa kompyuta yako. Maswali manne tu. Ukiweza kuyajibu kwa kosa lolote, hata la gari au la jiko la gesi, tayari umefikiri kama fundi. Wengi wetu tunaripoti hivi: "Haifanyi." Haifanyi nini? Ulitaka ifanye nini?

Kama ni kosa la msimbo na unajua zamani lilikuwa halipo, kuna `git bisect`. Rudi kwenye risiti za kahawa. Una risiti 1,000 na unajua ya kwanza ilikuwa sawa na ya mwisho ina kasoro. Hutazisoma zote. Unafungua ya katikati. Ikiwa sawa, kasoro iko mbele, ikiwa mbaya, iko nyuma. Unagawanya tena, na tena. Kwa hatua kama 10 umefika kwenye risiti yenyewe. Bisect inakufanyia hivyo kwenye historia ya programu. Mtu akileta ripoti na kusema "kosa lilianza kwenye badiliko hili hapa", hakuna atakayemuuliza amesoma chuo gani.

Na kwa mwongozo, kurasa zenyewe zimo ndani ya msimbo wa Git, kwenye folda inaitwa Documentation. Ni maandishi ya kawaida, unaweza kuyafungua hata kwa simu. Badiliko la mwongozo linapitia mlango ule ule wa badiliko la msimbo. Utaandika kwanza tatizo ni nini, kisha umefanya nini, na uweke sahihi kwamba una haki ya kuitoa kazi hiyo. Kuna watu watakujibu. Watakuuliza kwa nini neno hili na si lile. Watakuambia rudia. Unaweza kurudia mara nne kwa ajili ya aya moja. Usichukue kama matusi. Pale hata kazi ya wenye miaka 15 ya uzoefu inarudishwa. Kwangu mimi hayo majibu ndiyo malipo ya kwanza: watu bora duniani wakisoma sentensi yako kwa makini, bure, na kukuambia ukweli. Kozi ya namna hiyo ungelipia ngapi?

Tukiongea malipo, nasikia mtu anasema: "Kwa hivyo vijana wa Embu wafanye kazi ya bure ili kampuni za Marekani zitajirike?" Swali la haki kabisa. Ni kweli kwamba kampuni kubwa zinaitegemea Git, na ni kweli kwamba baadhi ya wanaoiandika wanalipwa na kampuni hizo huku wengine hawalipwi. Siwezi kukuambia ufe njaa kwa ajili ya mwongozo. Weka mpaka. Rekebisha kile ambacho wewe mwenyewe unakitumia, kwa muda ambao ungeutumia kunakili kikokotoo cha sita.

Na pia kuna milango inayolipa. Outreachy ni mpango wa mafunzo ya kazi kwenye programu huria, wa miezi mitatu, unaofanywa kwa mtandao, na posho yake ni dola 7,000. Umekusudiwa watu ambao hawapati nafasi sawa kwenye teknolojia, na Git imeshiriki mara kadhaa. Google pia ina Summer of Code. Ukiwa na miaka 18 unaweza kujaribu. Na unajua Git inamtaka nini anayeomba? Afanye kwanza kazi moja ndogo ya kweli ndani ya Git yenyewe: arekebishe jaribio, kosa dogo, au kitu cha namna hiyo, na aitume kama wengine wote. Sentensi moja niliyoanza nayo ni mazoezi ya mlango huo. Kikokotoo hakikufundishi kuupita.

Mwingine atasema mwongozo ni kazi ya wasioweza msimbo. Mtu huyo hajawahi kujaribu kueleza kitu asichokielewa. Huwezi kuandika sentensi sahihi kuhusu `git checkout` bila kuijaribu mara ishirini na kuona inafanya nini. Ukimaliza, unaijua kuliko aliyeitumia tu. Na mara nyingi ukiandika maelezo unagundua hayaandikiki, kwa sababu kifaa chenyewe ndicho kimekosea. Ile namba 1 ya sekunde 0.1, ukijaribu kuieleza kwa sauti unacheka. Ukicheka, umepata kosa.

Kuna jambo la mwisho na linatuhusu sisi moja kwa moja. Ujumbe wa Git umetafsiriwa. Kuna Kibulgaria, Kikatalani, Kiswidi, Kivietinamu, Kiindonesia. Kiswahili hakimo. Na si kwamba hatuwezi. Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, wakati wengi wenu mnaosoma hapa hamjazaliwa. Walikaa wakatafuta maneno. Kazi hiyo ilikuwa ngumu na waliifanya.

Lakini sitaki mtu aende kesho akapitishe faili zima kwenye akili unde na kulituma. Jaribu kwanza neno moja. "Detached HEAD" utaliita nini? "Kichwa kilichotenganishwa" kitamtisha mtu kuliko Kiingereza. Mimi naona "hauko kwenye tawi lolote" linasema ukweli wote. Na ona kilichotokea: kutafuta neno la Kiswahili kumetulazimisha kuuliza kitu chenyewe ni nini, na jibu letu linaeleweka kuliko la mwanzo. Labda hata Kiingereza kingefaa kuiga. Tafsiri nzuri inaanzia hapo, kwa mtu aliyekwama, akaelewa, akatafuta neno.

Kwa hivyo kazi ya wiki hii ni hii. Fungua daftari, la karatasi kabisa, na kila Git ikikujibu kitu usichokielewa andika mistari mitatu: nilifanya nini, nilitarajia nini, iliniambia nini. Usitafute jibu kabla hujaandika, kwa sababu ukishaelewa utasahau ulivyokuwa hujui. Ukifika Ijumaa, chagua moja. Angalia kama kuna mtu ameshalisema. Kama hakuna, liandike vizuri ulitume.

Na wewe dada, najua unasoma hapa. Zile sentensi mbili ziko sawa. Tuma.